Upande wa Kushoto wa Ukurasa

Kila asubuhi, kabla simu ya kwanza haijalia na benchi la nje halijajaa watu na shida zao, wanafunzi wawili wa ustawi wa jamii walifungua madaftari, wakachukua rula, wakapiga mstari katikati ya ukurasa kutoka juu hadi chini. Hilo lilikuwa sharti la afisa aliyewapokea kwa miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo. Upande wa kushoto waliandika kile macho yalichoona na masikio yalichosikia kwenye nyumba waliyotembelea, bila kutia chumvi. Upande wa kulia waliandika darasa linasema nini juu ya hayo. Na kulia hakuguswi mpaka kushoto kumejaa. Kwa ajili ya mstari huo, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa ofisi, wote walimwita Mama Mstari, naye hakuona ubaya. Alisema kuna waliopewa majina mabaya zaidi kwa kazi ndogo zaidi.

Mwanafunzi wa kiume aliitwa Profesa, kwa kuwa hakuna jambo lililompita bila nadharia. Chai ikichelewa, alieleza mahitaji ya msingi ya binadamu na ngazi zake. Mlinzi akimnunia, alitafuta chanzo utotoni mwa mlinzi. Wa kike aliitwa Bi Samahani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, sauti ya chini, na tabia ya kuomba radhi kabla ya kubisha hodi, baada ya kubisha hodi, na akikaribishwa kiti, akaomba radhi kwa kukikalia. Jina hilo alipewa na Profesa siku ya pili. Alilipokea kwa kusema samahani.

Ijumaa hiyo Mama Mstari alikuwa amesimama dirishani, kikombe mkono mmoja na daftari la Bi Samahani mkono wa pili, akisoma kwa sauti. Ukurasa ule alikwisha kuusifu Jumatatu, akausifu tena Jumatano mbele ya mkuu wa ofisi. Ulihusu nyumba ya seremala mstaafu aliyejulikana mtaani kwa jina la Mzee Randa, kwa ajili ya randa ambayo enzi zake haikumtoka mkononi. Sasa alikuwa na ugonjwa wa kusahau, hata vifungo vya shati lake vilimshinda. Binti yake, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, alikuwa ameacha kazi ya ukarani ili amtunze, na walikuwa wanakaa wawili tu. Nyumba ni safi, Mama Mstari alisoma. Mzee amenyolewa ndevu vizuri. Binti anashirikiana, anajibu kila swali, anauliza maafisa watarudi lini. Na upande wa kulia, kwa mwandiko uleule uliolala vizuri: familia yenye nguvu zake yenyewe, mlezi aliyejipanga, hakuna dalili za hatari, ufuatiliaji unaweza kusitishwa.

Faili la nyumba hiyo lilikuwa mezani, limefunguliwa kwenye karatasi ya mwisho, likisubiri sahihi. Bi Samahani aliangalia kidole chake kikifuata ukingo wa meza. Kila mara ukurasa ule uliposomwa alijisikia kama mtu anayevalishwa nguo ya mwenzake mbele za watu.

Mama Mstari alikuwa amefika kwenye neno "mlezi" mlango ulipofunguliwa bila hodi.

Aliyeingia alikuwa fundi cherehani, mama mnene wa makamo ambaye banda lake lilitazamana na mlango wa Mzee Randa. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni, na kifuani alikuwa amekumbatia furushi la kitambaa cha maua. Hakusalimia. Alilitua furushi juu ya faili, akalifungua fundo, akarudi nyuma hatua moja kana kwamba lingemrukia.

Ndani mlikuwa na visu viwili vya jikoni, mkasi, nyundo, patasi tatu zenye mipini iliyong'aa kwa kushikwa miaka mingi, na wembe wa kunyolea.

Alieleza kwa mpigo, huku akijifuta jasho kwa ncha ya tepu. Vitu hivi aliletewa na binti wa Mzee Randa juzi asubuhi. Binti alisema tu, shoga, nitunzie. Yeye alidhani wanapanga upya nyumba, akavisukuma chini ya cherehani, akaendelea na mishono yake. Lakini jana pazia la sebuleni halikufunguliwa, na redio ilipigwa kwa sauti ya juu tangu alfajiri, nyumba ambayo redio yake haijawahi kusikika hata uani. Leo hivyohivyo. Amegonga mara tatu. Binti anajibu kutoka ndani kwamba wako salama, anashukuru, aende tu akafanye kazi.

"Mtu hampi jirani kisu chake cha jikoni halafu akaendelea kupika," fundi alisema. "Mimi sikusoma, lakini hilo nalijua."

Profesa alikuwa wa kwanza kupata sauti. Alieleza, na alieleza vizuri, kwamba ugonjwa wa kusahau ukifika hatua fulani mgonjwa huweza kuwa mkali, akampiga hata anayemlisha. Mlezi amehisi hatari, akaondoa silaha zote karibu na mgonjwa. Ni kujikinga, na kumeandikwa kitabuni, sura ya sita. Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa ugonjwa wake kwa maneno mazuri na bado unauma.

Bi Samahani hakuitikia. Macho yake yalikuwa kwenye wembe. Patasi angeweza kuzielewa. Lakini wembe ule haukuwa wa mzee. Mzee hakuweza tena kujinyoa. Mkono uliozoea kuushika ulikuwa wa binti.

Mama Mstari alikuwa keshavaa viatu vyake vya kutembelea. Alimwambia Profesa abaki kwenye simu, aitafute kliniki iliyomleta mzee kwao na asikubali kukatiwa, hata kama itabidi aisomee sura ya sita yote. Bi Samahani atakuja, maana nyumba anaijua na binti anamjua. Na daftari lake alichukue.

Kwa miguu ilikuwa dakika kumi. Fundi alitangulia, anakaribia kukimbia, kandambili zikimpiga visigino. Walipita maduka ambayo yalikuwa ndiyo kwanza yanapandisha vyuma vya milango, wakapita dimbwi la maji ya sabuni mbele ya saluni, wakaambaa na ukuta mrefu wa shule ambako watoto walikuwa wakiimba majedwali ya kuzidisha. Asubuhi ilikuwa ya kawaida kabisa, na ukawaida huo ulimtisha Bi Samahani kuliko kama kungekuwa na wingu. Alihesabu hatua. Alijiambia akifika kwenye nguzo ya umeme atasema. Nguzo ikapita. Akajiambia kwenye kona.

Kwenye kona alisimama.

"Samahani, mama," alisema. "Upande wa kulia niliuandika kwanza."

Mama Mstari alisimama pia, mguu mmoja ukiwa bado hewani.

Yaliyobaki Bi Samahani aliyatoa akiangalia vumbi. Jioni ya kuamkia siku ile aliyokwenda kule peke yake kwa mara ya kwanza, aliogopa kwenda mikono mitupu. Akakaa kwenye meza ya shangazi yake, akafungua kitabu, akaandika kulia yote ambayo familia nzuri huwa nayo. Alisema moyoni kwamba ni maandalizi tu, atafuta baadaye. Asubuhi alipofika kwa Mzee Randa, kila alichokiona alikipima kwa yale aliyokwisha kuandika. Kilichofaa alikiandika kushoto. Kisichofaa hakukiandika. Hakuona kama anadanganya. Aliona kama anapanga mambo vizuri. Kisha ukurasa ukasifiwa, na kila sifa ilimfunga mdomo zaidi.

Alitegemea kugombezwa. Mama Mstari hakumgombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alimwangalia tu, kisha akaanza tena kutembea, sasa kwa haraka, akauliza bila kugeuka ni nini kilibaki nje.

Basi akavitaja, kimoja kimoja, akihema. Binti alikaa upande wa pili wa meza muda wote, mbali na baba yake, mikono ameikalia. Mzee alipoomba maji, binti hakuinuka. Alimwomba yeye, mgeni, ampelekee. Kwenye kifundo cha mkono wa mzee kulikuwa na alama nne ndogo zilizojipanga, naye akajiambia ni mkanda wa saa, ingawa mzee hakuwa na saa. Na lile swali la watarudi lini. Aliandika mara moja. Aliulizwa mara tatu. Mara ya tatu walikuwa getini, na binti alikuwa amemshika mkono wa blauzi, akaushikilia hata baada ya kujibiwa.

"Nikaandika anashirikiana," Bi Samahani alisema.

Mama Mstari alifika mwisho wa ukuta wa shule. Hapo akasema kwamba ana miaka kumi na tisa katika kazi hii. Hajawahi kutoka kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kusahau bila kuwa na jambo lisilokaa sawa, na bado aliletewa ukurasa usio na doa, akausomea watu. Alilisema hilo kwa sauti kavu, kama anayejiandikia mwenyewe upande wa kushoto.

Redio waliisikia kabla ya kuiona nyumba. Mtangazaji alikuwa akisoma bei za mazao sokoni kwa sauti iliyopasuka, na hapakuwa na aliyekuwa akisikiliza. Pazia la kijani lilikuwa limevutwa mpaka mwisho, na kushikizwa katikati kwa pini za nguo. Barazani kulikuwa na sahani ya plastiki yenye mabaki ya wali, na nzi mmoja juu yake. Fundi alibaki getini.

Mama Mstari aligonga, akajitaja. Mara ileile sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, ya adabu, kama ya karani nyuma ya dirisha: wako salama, wanashukuru, maafisa watarudi lini?

Bi Samahani alilitambua swali lile. Mama Mstari alimwangalia, akarudi nyuma nafasi ya mtu mmoja, akamwachia mlango.

Kitu cha kwanza kilichomjia mdomoni ni samahani. Alikimeza. Alisogea mpaka paji la uso likakaribia ubao, akasema kwamba ni yeye, yule mwanafunzi wa wiki iliyopita, na kwamba hakuja kuuliza maswali. Alikuja kwa sababu aliandika vibaya habari za nyumba hii na anataka kusahihisha, na hawezi kusahihisha akiwa nje.

Redio iliendelea. Bei ya vitunguu. Bei ya mahindi. Kisha komeo likavutwa.

Binti wa Mzee Randa alionekana kama mtu aliyelala na nguo zake siku tatu. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimefungwa sawasawa, kwa uangalifu wa kutisha. Aliwapisha bila kuwagusa, akarudi kukaa kwenye kona ya mbali kabisa ya sebule, sakafuni, mgongo ukutani, mikono chini ya mapaja.

Kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

Meza kubwa ya kulia chakula, ile aliyoitengeneza mzee mwenyewe, ilikuwa imesukumwa hadi kwenye mlango wa chumba chake, ikauziba. Juu yake vilikuwa vimepangwa viti vinne, miguu juu, na juu ya viti sanduku la vitabu. Bi Samahani aliikumbuka sura ya sita ya Profesa, na kwa kitambo kidogo aliona inavyofaa: mlezi amejizungushia ukuta dhidi ya mgonjwa. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomtisha. Redio ilikuwa kubwa mno kusikia kama nyuma ya mlango ule kuna anayepumua.

Mama Mstari aliizima.

Hawakusikia kitu. Bi Samahani alishika ukingo wa kiti cha mzee. Bomba la jikoni lilidondosha tone, likadondosha jingine. Kisha, nyuma ya mbao, sauti ya mzee ikauliza bila hasira, kama anayeuliza kwa mara ya kwanza maishani:

"Mama yako amekwenda wapi?"

Binti alifumba macho. Mama Mstari akasema kwa upole kwamba baba afunguliwe, na akaweka mkono kwenye kiti cha juu. Binti alikubali kwa kichwa. Alisema mzee amekula leo. Anampitishia sahani dirishani kutoka uani, kwa kuwa dirisha lina nondo na nafasi ya nondo inatosha sahani ndogo tu. Aliomba jambo moja. Anayeingia kwa baba awe mama afisa. Yeye asiambiwe asogee. Na afisa akishaingia ndani, aurudishe mlango.

Viti viliteremshwa kimoja kimoja. Meza ililia sakafuni. Mlango ulipofunguliwa, Bi Samahani alimwona mzee amekaa kitandani, mikono magotini, shati limefungwa upande-upande, na ndevu nyeupe za siku tatu kidevuni. Hakuwa na jeraha. Alimtabasamulia Mama Mstari kama anayempokea mteja wa kabati. Nyuma yake, kitandani, mto ulikuwa umewekwa sawa. Mlango ukarudishwa.

Wakabaki wawili sebuleni.

Bi Samahani hakukaa kwenye kiti. Alikaa sakafuni, si mbali sana, mgongo kwenye ukuta uleule. Daftari lilikuwa mapajani, na kalamu ilikuwa imejiingiza vidoleni yenyewe. Alifungua ukurasa mpya. Hakuwa na rula. Akaangalia weupe ule, upande wote wa kushoto, kisha akalifunga na kulisukuma mbali.

Kulikuwa na somo moja alilopata alama zote chuoni. Liliitwa ukimya wa kusikiliza. Aliweza kulitaja kwa maana yake, faida zake na vizuizi vyake, na katika wiki saba za kazi hakuwahi kulitenda hata mara moja, kwa sababu kila ukimya ulipotokea aliujaza kwa kuomba radhi. Alidhani ni jambo la kunyamaza tu. Sasa aliona kwamba ni kama kushika mlango mzito usijifunge.

Alisema: "Dada, wiki ile uliniuliza mara tatu tutarudi lini. Nami nikakujibu tarehe. Ulikuwa unaniambia nini?"

Kisha hakusema kitu.

Binti hakugeuka. Tone likaanguka jikoni. Kutoka chumbani sauti ya mzee iliuliza tena mama yako amekwenda wapi, na sauti ya Mama Mstari ikamjibu kwa utaratibu, na baada ya muda mfupi swali likarudi, na jibu likarudi. Mabega ya binti yalipanda kidogo kila swali lilipoulizwa. Bi Samahani alihisi samahani ikimpanda kooni, akaibana kwa meno. Alitaka kumgusa mkono, lakini aliona jinsi mikono ile ilivyokaliwa, kwa uzito wote, kama watu wanavyokalia kifuniko cha sanduku lililojaa, akaacha. Mwanga uliopenya kwenye pini za pazia ulisogea sakafuni kiasi cha upana wa kidole.

"Kaka zangu nikiwapigia wananiambia una moyo," binti alisema hatimaye. "Daktari alisema najitahidi. Wewe ulisema hongera."

"Nilisema."

"Ni kweli nilikuwa nimemnyoa vizuri."

Bi Samahani alingoja. Mikono ya binti ilitoka chini ya mapaja, polepole, akaiweka mbele yake juu ya magoti na kuiangalia, pande zote mbili, kama vitu alivyoletewa kuvitunza.

"Anauliza mara mia kwa siku. Miaka sita mama amezikwa, na kila siku mimi ndiye ninayempa habari za msiba, na kila mara analia upya. Siku hizi namdanganya kwamba amekwenda dukani. Basi ananiuliza mbona harudi." Alivifumba viganja. "Wiki mbili zilizopita nilimshika mkono ili anyamaze. Nikamshika mpaka alama. Juzi aliuliza, nikajibu, akauliza tena, nikajikuta nimesimama nyuma ya kiti chake, nimeshika mto. Sijui niliuchukua saa ngapi. Nikautupa, nikakusanya kila kitu chenye makali ndani ya nyumba, nikampelekea fundi. Mto sikuweza kumpelekea. Ndio anaoulalia."

Nyuma ya mlango mzee alianza kuuliza tena. Safari hii binti hakufumba macho. Aliugeuza uso wake kwa msichana aliyekaa kando yake, na ule udhibiti wa karani ukamtoka sautini.

"Nilikuwa nakuambia usiondoke, mdogo wangu. Msiniache naye peke yangu. Naogopa nitamuua baba yangu."